Mwanao wa Darasa la Kwanza: Anasoma au Ananakili?

Ndugu mzazi, jioni ya leo mwombe mwanao wa darasa la kwanza akuletee daftari lake la kuandika. Yamkini utafurahi. Utaona mistari iliyonyooka, herufi zilizoandikwa kwa uangalifu, na pembeni mwa ukurasa alama za vema za wino mwekundu, pengine na neno "Vizuri" kwa mkono wa mwalimu mwenyewe. Wazazi wengi huishia hapo. Humpapasa mtoto kichwani, hulifunga daftari na kurejea katika shughuli zao, wakiamini kwamba fedha za sare na viatu hazikupotea bure.

Leo tunakuomba usiishie hapo. Chukua kipande cha karatasi, andika neno fupi ambalo halimo katika daftari lile, kwa mfano "kobe" au "mezani", umpe asome. Usimtamkie sauti ya mwanzo wala usimdokezee maana yake. Subiri. Kama ataliangalia neno, akazitoa sauti zake mojamoja na kuziunganisha, hata kwa kusitasita, basi mwanao anasoma. Lakini kama atakuangalia wewe usoni badala ya kuiangalia karatasi, akijaribu kubahatisha kutokana na midomo yako, fahamu kwamba daftari lile zuri ni kazi ya macho na mkono tu. Ameyachora maneno kama mtu anavyochora ua au nyumba, bila kujua yanasema nini.

Jambo hili si dogo. Mtoto mwenye daftari chafu hugunduliwa mapema. Mwalimu humwita, mzazi hukasirika, na kwa njia moja ama nyingine msaada hupatikana. Anayenakili vizuri ndiye anayechelewa kugunduliwa. Ni mtulivu, hasumbui, kazi yake inapendeza. Atapanda darasa la pili kwa kunakili na kukariri, na huenda akafika hata la tatu. Hapo ndipo mambo hubadilika ghafula, kwa kuwa sasa vitabu havimfundishi tena kusoma. Vinamtaka asome ili ajifunze mambo mengine. Mtoto asiyejua kusoma atakuwa kama mtu aliyeingizwa katika nyumba yenye giza akaambiwa achague nguo. Ataanza kuumwa tumbo asubuhi, ataanza kupoteza madaftari, na majirani watasema ni mtoro, ilhali chanzo cha utoro huo ni aibu iliyoanza miaka miwili kabla, wakati kila mtu alipokuwa akimsifu.

Kwa nini mwalimu asimgundue? Kabla ya kumlaumu, jiweke mahali pake. Kiwango kilichowekwa kwa shule zetu za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini nani asiyejua kwamba katika miji mikubwa yapo madarasa yenye watoto zaidi ya 100? Taifa hili limefungua milango ya shule mara kwa mara, na kila mara watoto wameitikia kwa wingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na utekelezaji wake ulianza mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya uandikishaji na mahudhurio kuwa jambo la lazima. Karo iliyorejeshwa baadaye ikafutwa tena katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa. Mafanikio haya si ya kubezwa. Watoto wengi wa wakulima na wafanyakazi wasingeliona dawati lau si hatua hizo. Lakini hesabu ni hesabu. Mwalimu mwenye watoto 100 na kipindi cha dakika 30 akitaka kumsikiliza kila mmoja peke yake, hana hata sekunde 20 za kumpa. Kwa hiyo huandika ubaoni, darasa zima huitikia kwa pamoja, kisha hunakili. Katika sauti ile ya pamoja, mtoto asiyejua hujificha kama tone la maji mtoni.

Ndiyo maana nyumbani pana kazi ambayo shule, hata ikiwa na mwalimu hodari, haiwezi kuifanya yote: kumsikiliza mtoto mmoja, peke yake, kila siku, kwa dakika chache.

Hatusemi ugeuze nyumba yako kuwa shule ya pili. Wapo wazazi ambao mtoto akirudi saa saba mchana humpeleka tuisheni mpaka saa kumi na moja, kisha usiku humkalisha tena mezani. Mtoto wa miaka 6 au 7 hawezi kustahimili hayo, na tuisheni nyingi za vibarazani ni kunakili kulekule, ila sasa kwa malipo. Robo saa ya mzazi aliyetulia ina faida kubwa kuliko saa tatu za namna hiyo.

Robo saa hiyo itumike vipi? Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi Kiswahili kinavyosomwa, kwa sababu lugha yetu imetupa wepesi ambao watu wengi hawaujui thamani yake. Mtoto wa Uingereza hutumia miaka kadhaa kujifunza kwamba herufi zilezile husomwa hivi katika neno moja na vile katika neno jingine. Sisi tuna irabu tano, a, e, i, o, u, nazo hazibadiliki. Herufi ikishajulikana sauti yake, inajulikana. Mtoto akiweza kuunganisha sauti ya konsonanti na ya irabu akapata silabi, ma, me, mi, mo, mu, amekwisha kushika ufunguo wa maelfu ya maneno. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, ile tuliyozoea kuiita KKK, na njia yake ya kusoma ilianzia kwenye sauti.

Wazazi wengi, kwa nia njema kabisa, huvuruga hapa. Humfundisha mtoto majina ya herufi: a, be, che, de. Sasa mtoto aliyefundishwa kwamba herufi hii ni "ke" na hii ni "a", mpe neno "kaka" alisome. Atasema "ke-a-ke-a," na utamwona amechanganyikiwa, kwa kuwa amefuata uliyomfundisha na neno halikutokea. Mtamkie sauti yenyewe ya k, ile fupi ya kooni isiyo na irabu nyuma yake, kisha uiunganishe na a. Majina ya herufi atayajua baadaye, hayana haraka.

Kabla hata ya herufi, sikio ndilo linalotangulia. Mtoto asiyesikia kwamba neno "kikombe" limejengwa kwa vipande vitatu, ki-ko-mbe, hawezi kuelewa kwa nini limeandikwa hivyo. Na kulifundisha sikio hakuhitaji kitabu, taa wala meza. Unapika, mtoto yuko karibu, mwambie, "Nipe kitu kinachoanza na ki." Atatafuta: kijiko, kisu, kikombe, kibiriti. Kesho iwe sauti nyingine. Mwambie apige makofi kwa kila kipande cha neno. "Sufuria" ni makofi manne. "Mama" ni mawili. Kisha mpe "mbuzi" na "mbu" umsikilize. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi. Mbu nayo ni mawili, m-bu, ingawa mwanzo wake umeandikwa vilevile. Mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili huisikia tofauti hiyo bila kufundishwa, na akiulizwa hufurahi kugundua jambo ambalo hata mkubwa hakuwahi kulifikiri. Vivyo hivyo m-tu, n-chi, n-ne.

Vitendawili na hadithi vina kazi hiyohiyo, na tunasikitika kuona jinsi vinavyopotea mijini. Wazazi waliokua katika miaka ya 1980 wanakikumbuka kipindi cha "Mama na Mwana" cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ambamo Deborah Mwenda alisimulia hadithi na watoto wa nyumba nzima wakakaa kimya kuizunguka redio. Anayesikiliza hadithi hujifunza kufuata jambo kutoka mwanzo hadi mwisho, kukumbuka nani alifanya nini, na kukisia litakalofuata. Hayohayo ndiyo atakayoyahitaji mbele ya ukurasa uliochapishwa. Simu inayompa picha zinazobadilika kila nusu dakika haimpi hayo, japo inamnyamazisha vizuri sana. Kama nyumbani yupo bibi, usimwache bibi akae peke yake barazani ilhali mtoto yupo ndani na simu. Mwambie bibi atege kitendawili.

Sasa tuseme wewe mwenyewe hukubahatika kusoma. Wapo wengi, hasa akina mama waliohamia mjini wakiwa wasichana. Taifa hili liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mamilioni walijifunza chini ya miembe na katika viwanda. Hata hivyo hawakufikiwa wote, na wengine walijifunza wakasahau kwa kukosa la kusoma. Mama wa namna hii husema, "Mimi nitamsaidia nini, nami sijui?" Sikiliza, mama: unaweza kumgundua mnakili kuliko unavyodhani. Mwambie mtoto akusomee ukurasa, na kidole chake kikiandamana na maneno. Kisha wewe weka kidole chako kwenye neno moja la katikati, uulize, "Hili ni lipi?" Likumbuke jibu lake. Piga naye soga kidogo, halafu rudi uliguse neno lilelile. Akikupa jibu lilelile mara zote mbili, na ukiruka huku na huku bado majibu yake hayabadiliki, ni dalili njema. Akikupa jibu tofauti kila mara, au akilazimika kuanza tena kutoka juu ya ukurasa kama anayeimba wimbo, basi ameukariri ukurasa kwa kusikia wenzake. Kwa hayo hukuhitaji kuijua hata herufi moja. Na wapo akina mama ambao, kwa kumsikiliza mtoto hivyo jioni baada ya jioni, wamejikuta nao wameanza kuzitambua herufi.

Ukimgundua kwamba hajui, uso wako usibadilike. Hili ni gumu kwetu sote, maana umetoka kiwandani au dukani umechoka, umesimama katika daladala saa nzima, na mtoto amesoma "baba" kama "dada". Mkono huwa mwepesi wakati huo. Lakini mtoto wa umri huu kuchanganya b na d, au kuigeuza 3 ikatazama upande mwingine, ni jambo la kawaida kabisa. Mikono na macho yake bado yanajifunza kwamba upande wa kulia na wa kushoto una maana katika maandishi. Kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea dirishani. Kwa nini herufi iwe nyingine kwa kugeuzwa tu? Ukimpiga kwa hilo, kesho atasoma kwa kutazama mkono wako. Atajifunza kubahatisha haraka ili fimbo isishuke, na kubahatisha ndiko hasa tunakotaka akuache.

Rudi naye nyuma mpaka mahali anapopajua. Kama anajua silabi za m na b tu, cheza naye na hizo: mama, baba, mabibi. Ongeza konsonanti moja kila baada ya siku chache. Silabi kama mba, nda, nya, sha zije baada ya zile nyepesi kukaa vizuri kinywani, na zile nzito, ng'a, mbwa, nywa, zisubiri. Katakata boksi la sabuni vipande vidogo, andika silabi moja kila kipande, na umwachie ajenge maneno sakafuni. Akijenga neno lisilokuwapo katika lugha, kama "bamemo", akalisoma sawasawa, msifu zaidi. Neno lisilokuwapo haliwezi kukaririwa.

Mabango ya mtaani nayo ni kitabu kisicho na bei. Majina ya maduka, maandishi ya kwenye daladala, mfuko wa unga, gunia la mchele. Mwulize njiani, usimhubirie.

Katika kuandika tusiwe na mengi. Vidole vya mtoto vinahitaji nguvu kabla ya kuhitaji penseli, na nguvu hiyo hupatikana kwa kuchambua mchele, kusuka kamba, kufinyanga udongo, kuchora mchangani. Jambo moja tu tulisisitize: kama mwanao anaandika kwa mkono wa kushoto, mwache. Kula na kusalimia ni adabu ambayo kila nyumba ina taratibu zake, lakini kumlazimisha aandike kwa mkono usio wake ni kumwongezea mzigo mmoja juu ya mwingine, na hakuna faida yoyote ambayo imewahi kuonekana.

Hesabu inataka vitu vya kushika. Vizibo vya soda, kokote, vijiti. Mwanangu anajua kuhesabu mpaka mia, mzazi mwingine hujisifu. Kumbe mtoto anaimba tu majina ya namba. Mpe vizibo 14 umwambie ahesabu, uone kama kidole na ulimi vinakwenda pamoja, na mwishoni umwulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Anayeelewa atajibu mara moja. Asiyeelewa ataanza kuhesabu upya. Funga vijiti kumikumi kwa uzi, na ghafula "kumi na nne" itakuwa kitu kinachoonekana: fungu moja na vijiti vinne pembeni. Kiswahili kimesema wazi kabisa katika jina lenyewe. Namba kama ishirini, thelathini na arobaini ndizo ambazo hazijielezi, kwa kuwa zimetoka katika Kiarabu, nazo hazina budi kukaririwa. Mchezo wa mdako wanaoucheza wasichana, wa kurusha kijiwe na kuchota vingine shimoni, una kujumlisha na kutoa ndani yake kuliko kurasa nyingi za daftari. Wavulana nao wafundishwe. Na umtume dukani, mahali ambapo njia ni salama, arudi na chenji aliyoihesabu mwenyewe. Kuhusu saa, uwe na subira: mtoto anaona mshale mfupi umeelekea kwenye 7, nasi tunamwambia ni saa moja asubuhi. Mkubwa amezoea. Kwake ni kitendawili kisicho na haki.

Tumesema mengi ya akili, na mwili nao una yake. Katika nyumba nyingi za kupanga, familia nzima hukaa chumba kimoja au viwili, na mtoto hulala palepale penye televisheni. Taarifa ya habari ikisha, mchezo wa kuigiza unafuata, na wakubwa wakilala saa tano usiku ndipo naye apate usingizi wa kweli. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi usafiri alipaswa kuwa amelala saa mbili usiku. Tunajua hili ni gumu. Lakini pazia la kanga na kupunguza sauti ya televisheni haligharimu chochote, na tusidanganyane kwamba wakubwa hawawezi kuacha mchezo mmoja kwa siku tano za juma.

Asubuhi apate kitu tumboni, hata kikiwa uji na kiporo cha viazi. Njaa ya saa nne hufunga masikio. Kama shule yake ina zamu na yeye ni wa mchana, usiache asubuhi yake iishe katika kuzurura mpaka aingie darasani amechoka. Halafu yako macho na masikio. Mtoto anayesogeza daftari puani, anayekunja uso akitazama mbali, au anayenakili yaliyo kwenye daftari la jirani na kuyakosea yaliyo ubaoni, huenda haoni ubao. Anayeitwa mara tatu ndipo ageuke, au ambaye sikio lake hutoka usaha mara kwa mara, huenda hasikii vizuri, na sauti za s na sh, au f na th, kwake ni kitu kimoja. Mpeleke zahanati akapimwe kabla hujamwita mzembe, na umwombe mwalimu amketishe dawati la mbele.

Ipo pia kadhia ya lugha. Familia iliyotoka Sumbawanga au Bariadi ikahamia Dar es Salaam huweza kuwa na mtoto ambaye Kiswahili chake bado kichanga. Hakuna haja ya kumkataza lugha ya nyumbani kwao. Aijue, na kila kitu ukikitaja kwa lugha hiyo kitaje na kwa Kiswahili. Lugha zetu nyingine hazitenganishi l na r, na mtoto atasema "karamu" akimaanisha "kalamu". Msahihishe kwa kulitamka vizuri katika jibu lako, "Kalamu yako iko mezani," bila kumcheka. Kosa kubwa zaidi tunaliona kwa wazazi wa upande wa pili, wale ambao Kiswahili wanakijua vema lakini wameamua kuzungumza na mtoto kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kiingereza ni lugha yenye manufaa na atajifunza. Ila mtoto aliyenyimwa hadithi, utani na maelezo marefu katika lugha ambayo wazazi wake wanaimudu, akapewa amri tano za Kiingereza badala yake, anaingia darasa la kwanza akiwa na akiba ndogo ya maneno kuliko mtoto wa mchuuzi wa samaki aliyeshinda sokoni akisikia watu wakibishana bei.

Ndugu, kaka na dada zake wakubwa wanaweza kukusaidia kazi hii, lakini wafundishe kwanza namna ya kufundisha. Aghalabu mtoto wa darasa la sita humsomesha mdogo wake kwa kumpokonya kitabu, kumsomea yeye mwenyewe haraka, na kumwita mjinga. Mwambie kazi yake ni kusikiliza na kusubiri. Dada anayewalelea nyumbani naye apewe nafasi hiyo kama anapenda. Wengine walikatishwa masomo na wanayo hamu.

Sasa turudi kwa mwalimu. Usisubiri siku ya kikao cha wazazi wote, ambapo mazungumzo huwa ni ya vyoo na madawati. Nenda asubuhi moja, au mtume mwenzako ambaye zamu yake ya kazi inamruhusu. Usimwulize, "Anaendeleaje?" kwa kuwa jibu litakuwa, "Anaendelea vizuri." Mweleze uliyoyaona: "Mwalimu, nyumbani anasoma silabi za m, b na k, lakini tukifika kwenye mb anakwama, na maneno mapya anabahatisha." Mwalimu atakayesikia hivyo hatakuona kama mpelelezi. Umemfanyia kazi ambayo watoto 100 hawampi nafasi ya kuifanya, na kuanzia hapo atakapoandika ubaoni atajua jicho lake limtazame nani. Mwulize pia ni sauti zipi watafundishwa mwezi ujao, ili nyumbani msiende njia tofauti na ya shule.

Kama ni mwezi wa Machi na mwanao bado anatatizwa na irabu, huna sababu ya kupoteza usingizi. Watoto hawaoti meno siku moja. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kwa mtoto wa miaka 5, na darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na aliyepitia mwaka huo wa awali hatakuwa sawa na ambaye siku ya kwanza ya darasa la kwanza ndiyo mara yake ya kwanza kushika penseli. Lakini ikifika likizo ya Juni na bado hawezi kusoma "kobe" na "mezani", likizo hiyo ni mali yako, itumie. Usimpeleke kijijini kwa mwezi mzima bila vipande vyake vya boksi. Mfungie katika bahasha, na umweleze babu kwa simu jinsi mchezo unavyochezwa. Kila neno jipya atakaloweza kulisoma mwenyewe liandikwe katika kidaftari kidogo, kimoja tu, kwa tarehe yake. Shule zikifunguliwa Julai, siku ya kwanza mpeleke wewe mwenyewe, na kidaftari hicho akakisome mbele ya mwalimu, kuanzia ukurasa wowote ambao mwalimu ataufungua.